Sweta Jekundu la Kwenda Juani

Tangu nirudi, kila tukikaa kwenye kikundi chetu cha kufuma na sindano zetu mnaniuliza jambo moja, kila mtu kwa namna yake. Mama Neema anauliza wazi, "Sweta lilimtosha mtoto?" Wengine mnazunguka mbali. Mnauliza kuhusu bahari, kuhusu samaki, kama ni kweli kule watu hulala bila blanketi. Nimekuwa nikijibu kwa kukohoa, na sasa nimechoka. Nayaandika yote mara moja, mpitishiane, halafu naomba tusiyaongee tena.

Mnanijua. Yusta muuza makoti ya mitumba, mdomo ninao. Nguo nikiipapasa tu naweza kukwambia itakukinga na upepo au itakuumbua. Kila mwalimu mgeni anayeletwa Makete na mashati yake ya Dar, mimi ndiye humfundisha kuvaa: ndani weka nyepesi ya kunyonya jasho, katikati weka ya joto, juu weka ya kuzuia upepo na mvua. Asubuhi unazo zote, mchana unapunguza, jioni unarudisha. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Nilikwenda nayo mpaka Mafia, na bora ningeiacha nyumbani.

Sababu ya safari mnaijua nusu. Mama ana presha ya macho. Daktari wa macho alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitaondoka. Mama hakulia. Alisema anataka kitu kimoja tu, amwone Festo, mdogo wangu, na amwone binti wa Festo ambaye hajawahi kumtia machoni. Msiniambie habari za simu ya video. Tulijaribu. Kwenye kioo cha simu anaona weupe tu. Ili aone uso, inabidi aushike kwa mikono miwili na kuusogeza karibu na wake.

Festo anafundisha shule ya msingi kisiwani Juani, Mafia. Alioa huko, akabadili dini, wakampa jina la Faraji. Kwa hilo mama alilia, kisha likaisha. Lililobaki ni kwamba tangu apate mtoto hakukanyaga tena nyumbani, na kila mwaka ana sababu. Mwaka huu, aliposikia habari za macho, alikubali. "Shule zikifungwa tutakuja wote," akaniambia kwenye simu. "Lakini njoo utuchukue wewe mwenyewe, dada. Kuna mambo hayasemeki kwa simu."

Basi mama akafuma sweta. Uzi mliuchangia nyinyi, na mnakumbuka kwa nini tulichagua nyekundu. Ndiyo rangi pekee aliyokuwa bado anaiona vizuri.

Makete mpaka Dar

Niliondoka alfajiri, umande umeganda mweupe juu ya majani. Mwilini nilikuwa na fulana, shati la mikono mirefu, sweta, mtandio shingoni, na juu koti langu la kijani ambalo sijawahi kukubali kuliuza. Mama alinifuata mlangoni. Akapapasa kola yangu, akakuta kifungo cha juu nimekiacha wazi, akakifunga.

"Baridi inatafuta mlango," akasema. Mnamjua na msemo wake huo.

Kwenye mkoba nilibeba sweta la mtoto, kofia yake, soksi, na kikoti kidogo cha manyoya ndani nilichokichagua mwenyewe kwenye robota la mitumba kabla mteja yeyote hajakiona. Nilimwekea Zuhura nguo za kila namna ya baridi tunayoijua sisi.

Njombe nilivua mtandio. Kwenye mteremko wa Kitonga nikavua sweta. Tulipofika Ruaha Mbuyuni basi likapasua tairi na tukashushwa juani, mimi nikiwa nimelikunja koti mkononi. Mwanamume mmoja akaja, akalipindua kola, akanusa kwapa la koti, akauliza, "Mwisho ngapi?" Nikamwambia siuzi. Akanipandishia bei. Nikamwambia ni langu, nalivaa. Akaniangalia, akaliangalia jua, akacheka mpaka wauza vitunguu wakaja kuuliza kuna nini. Tukakaa pale hadi jioni tukila mahindi ya kuchoma, na kila mara mtu mwingine akija kuuliza bei ya koti. Nilicheka nao. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kucheka kwenye safari hii, kwa hiyo nimeiandika.

Nyamisati

Nyamisati ndiko boti za Mafia zinakoondokea. Tulikuta bahari imechafuka kwa upepo wa kusi na tukaambiwa tungoje. Hali ya hewa ya pale haina msimamo. Jua linakuchoma kisogo, mara wingu, mara mvua ya kukutafuta ulipojificha, mara jua tena kana kwamba hakuna lililotokea. Nilivaa na kuvua, nikavaa na kuvua. Wenzangu wote walikaa kimya na kanga zao, wakilowa na kukauka.

Aliyenionea huruma ni mama mmoja wa Kirongwe, Bi Salma, aliyekuwa anarudi kutoka kuuza korosho. Alinikaribisha kwenye mkeka wake, akanimiminia supu ya pweza na kunimegea muhogo. Pweza mimi ndiyo kwanza namwona. Nilitafuna, nikatafuna, nikashindwa kumeza, nikashindwa na kutema kwa aibu. Bi Salma akageuka pembeni kwa makusudi ili nipate nafasi. Hao ndio watu wa huko, wanakusitiri kabla hujaomba.

Akaniuliza koti la nini. Nikamweleza somo langu la ndani, katikati na juu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hilo la bara," akasema. "Baharini, mwanangu, nguo ni ile iliyo mfukoni, kavu. Hiyo uliyoivaa ihesabu kuwa ya maji."

Akanionyesha. Chini kabisa ya kikapu chake kulikuwa na kanga moja imefungwa ndani ya nailoni, fundo juu ya fundo. "Hii siivai mpaka nikanyage nchi kavu. Kwanza navua, kisha najifunga hii. Ukijifunga juu ya iliyolowa, umelowesha mbili."

Nikasema ndiyo, mama. Moyoni nikasema, watu wa joto hawa, baridi wanaijulia wapi. Naapa ndivyo nilivyosema.

Boti iliondoka maji yalipotulia kidogo. Nilitapika supu yote ya Bi Salma na mengine ambayo sikujua ninayo. Tuliposhuka Kilindoni koti langu lilikuwa limekunywa bahari, limekuwa zito kama gunia la viazi lililonyeshewa, na chini yake natetemeka. Bi Salma alikuwa kando akijifunga kanga yake kavu, anasalimiana na watu wake. Somo lilikuwa limekaa mbele yangu limevaa nguo. Sikuliona.

Juani

Festo alinipokea Utende, upande wa pili wa kisiwa kikubwa, tukavuka kwa mashua hadi Juani. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo mwisho wa safari tulitembea ndani ya maji ya magotini, viatu mkononi, yeye kanibebea mkoba kichwani. Mdogo wangu amekonda. Ana mvi.

Mkewe Mwajuma alikuwa ufukweni, ametoka kwenye shamba lake la mwani baharini, suruali ya kubana chini, gauni juu, kanga kiunoni, kanga kichwani, vyote vinachuruzika. Akataka kupiga goti kunisalimia palepale kwenye tope. Nikamwinua.

"Karibu, wifi. Karibu sana. Tusamehe, waja mara ya kwanza watukuta hivi."

Nyuma yake alisimama mtoto mwembamba, macho makubwa yenye umanjano kidogo. "Shikamoo shangazi," akasema.

"Marahaba, mama." Zuhura ana pua ya mama yangu. Nilimtazama nikaona nimemaliza safari, kazi iliyobaki ni kumfikisha tu.

Alichotaka kujua ni kimoja. Kama ni kweli kwa bibi maji hulala juu ya majani yakageuka kioo. Nikamwambia kweli, na ukiyakanyaga yanalia. Akanishika mkono, na tangu hapo hakuniachia. Nilikula kwao wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga, nikalala kama mtu aliyefika kwao.

Kesho yake Zuhura alitaka kunionyesha Kua, ule mji wa kale uliobaki kuta. Tulikwenda taratibu, Festo akiwa nasi, mtoto mbele, anaongea. Kabla ya kufika aliketi kwenye jiwe, akasema miguu imechoka. Festo hakumbembeleza wala hakumkemea kama baba mwingine. Alimpa maji, akangoja anywe yote, akambeba mgongoni, akaendelea kutembea kama jambo la kila siku. Nikajua ni jambo la kila siku.

Tulipofika, Zuhura akawa anaokota simbi, vile vigamba vya baharini, karibu na ukuta, na Festo akaniambia. Mtoto ana sikoseli. Damu yake hukwama njiani, na ikikwama maumivu yake mtu mzima hayawezi. Baridi huamsha. Kulowa huamsha. Kiu huamsha. Ndiyo maana hakuja nyumbani miaka yote hiyo.

"Kwa nini hukumwambia mama?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ugonjwa huu hautoki upande mmoja, dada. Mimi pia ninao kwenye damu, ingawa haunisumbui, na mimi nimeupata wapi? Babu mzaa mama alikuwa mtu wa Matema, kule ziwani ambako damu hii ni ya kawaida. Walituuliza hospitali ukoo mzima. Mama akijua, atajilaumu mpaka kaburini. Niahidi."

Nikaahidi.

Kisha nikafanya kile ambacho muuza makoti hufanya. Nikamwambia baridi ni suala la mavazi tu. Tutamfunika mtoto, tutawasha jiko, tutakaa kidogo sana, mama amshike uso, turudi.  Festo alikuwa anataka kuamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alimtaka mama yake kama nilivyomtaka mimi.

"Wewe ndiye unayejua nguo," akasema.

Kurudi Utende

Siku ya kuondoka Festo alitangulia Kilindoni na mizigo ili kutafuta nafasi kwenye boti. Sisi watatu, mimi, Mwajuma na Zuhura, tukabaki tumfuate maji yakijaa.

Asubuhi hiyo ilikuwa na kibaridi na manyunyu. Nikaona ndiyo nafasi nzuri ya mtoto kuanza kuzoea. Nikafungua mkoba mbele ya Mwajuma, nikatoa zawadi za mama moja moja na kumvalisha: fulana, soksi, sweta, kikoti cha manyoya, kofia. Sweta lilimkaa kana kwamba mama alimpima. Mikono iliishia kwenye kifundo cha mkono pale hasa inapotakiwa kuishia, na shingo haikubana. Mwajuma alilishika kwa vidole viwili akasema, "Mkwe kaniheshimu." Akalia kidogo.

Tukaanza kutembea kwenda ufukweni. Manyunyu yakakata, jua likatoka.

"Shangazi, laniwasha," Zuhura akasema.

"Utalizoea."

Mwajuma akasema, polepole, "Wifi, joto hili."

"Baridi inatafuta mlango," nikamjibu, na nikafunga kifungo cha juu cha kikoti. Mkono ulikuwa wangu, msemo wa mama.

 Nilimwona Mwajuma akinyoosha mkono kwenye kifungo kile, kisha akaurudisha. Mtoto alitembea njia nzima jasho linamtiririka chini ya kofia. Chupa ya maji ilikuwa imetangulia na mizigo.

Mashua ilipotoka kwenye kinga ya kisiwa tukakutana na kusi uso kwa uso. Wimbi la kwanza lilitupiga magotini. La pili lilimpiga Zuhura kifuani, likapita kwenye kikoti, likaingia kwenye sweta likakaa humo. Upepo ukaanza kazi yake. Ndani jasho, juu chumvi, nje upepo. Hata mimi meno yaligongana.

Mwajuma akafungua kikapu. Akatoa kanga iliyofungwa kwenye nailoni, kavu, kama ile ya Bi Salma. Akamgeukia mtoto, akashika sweta kwenye pindo akitaka kulivua, kisha akanitazama.  Alikuwa anangoja ruhusa yangu.

Nami nikasema, kwa sauti ya dukani, "Liache, wifi. Sufu hutunza joto hata ikilowa."

Hivyo ndivyo ninavyowaambia wateja, na sufu ya kweli ina ukweli wake. Lakini ule uzi wetu si sufu, mnajua nyote. Ni uzi wa dukani wa plastiki. Tuliuchukua kwa ajili ya rangi.

Mwajuma aliachia pindo. Akamfunika mtoto ile kanga kavu juu ya sweta lililolowa, akamkumbatia. Ikalowa nayo. Hatukuwa tena na kitu kikavu kwenye mashua ile.

Kabla hatujafika Utende Zuhura alikuwa ameacha kuongea kuhusu kioo juu ya majani. Alianza kwa kusema mguu. Kisha akasema miguu. Kisha hakusema, alikuwa analia kwa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto, nami nimezaa watatu. Mwajuma alimvua kila kitu palepale, akamkausha kwa viganja na kumwingiza ndani ya gauni lake mwenyewe, ngozi kwa ngozi. Hakunitazama tena kuomba ruhusa. Sweta lilibaki miguuni mwangu kwenye maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya mashua, na nyuzi zake nyekundu zilikuwa zinavutika. Nililiokota nikalikamua. Sijui kwa nini nililikamua.

Kilindoni

Bajaji ya kutoka Utende ilikwenda mbio mpaka nikadhani tutapinduka, na bado niliona inatambaa. Festo alikuwa langoni mwa hospitali. Alimpokea mtoto, akamtazama mara moja, akajua.

Walimwekea maji na dawa ya maumivu, wakamfunika blanketi kavu. Daktari, mtu wa bara kwa lafudhi yake, aliinua zile nguo zilizolowa, moja moja, kama mtu anayehesabu dhambi za mwenzake.

"Nani alimvalisha hivi mtoto wa sikoseli na kumpandisha mashua?"

"Mimi," akasema Mwajuma.

Akasema haraka, kabla sijavuta pumzi. Festo akamgeukia mkewe kwa jicho ambalo sikulitegemea kwake. "Wewe? Wewe unayejua?" Mwajuma akainamisha kichwa. Na mimi nikanyamaza. Si kwa muda mrefu, lakini nilinyamaza, nikaona jinsi inavyowezekana kuliacha liwe hivyo.

Kisha nikasema, "Ni mimi. Yeye alitaka kumvua. Mimi nilikataa."

Daktari aliandika kitu, akaondoka. Festo alikwenda dirishani akatupa mgongo. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Baadaye, mtoto amelala, nilimkuta Mwajuma nje anafua zile nguo kwa maji baridi ya bomba. Nikamuuliza kwa nini alijitwisha, na kwa nini hakulivua tu tangu nyumbani.

"Wifi, mie nilijua," akasema, anaendelea kufua. "Toka mlangoni n'lijua. Lakini kitu kaleta mkwe, mtu kipofu kakifuma kwa mikono yake, na wewe ndo kwanza waja kwangu. N'takivua vipi mbele yako? Ungerudi ukasema nini huko? Kwamba mke wa Festo kakataa zawadi?"

"Nisingesema hivyo."

"Sikukujua," akasema.

Ndiyo hivyo, wenzangu. Mimi nilimfunika mtoto kwa sababu kwetu mtoto asiyefunikwa hapendwi. Yeye alimwacha afunikwe kwa sababu kwao zawadi ya mkwe haivuliwi mbele ya mletaji. Tulikuwa wanawake wawili wenye adabu, na kati yetu mtoto alikuwa anaganda.

Zuhura alipata nafuu pole pole. Siku alipokaa kitandani na kula uji, nikajipa moyo. Nikamwambia Festo, basi njoo peke yako, hata kwa usiku mmoja, mama akushike uso. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anamkanda mtoto miguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto.

"Mara iliyopita maumivu yalipomshika hivi nilikuwa darasani, hatua chache kutoka nyumbani," akasema. "Nilimkuta hapumui vizuri. Sasa unataka niwe Makete?"

"Ukingoja mwisho wa mwaka, mama hatakuona."

"Najua."

"Festo."

"Najua, dada." Akaendelea kumkanda. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye ndevu, na hakuinua mkono kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. "Mwambie shule imenikatalia ruhusa."

Zuhura akafumbua macho, akaniona. "Shangazi, tumeshafika kwa bibi?"

Nikamwambia bado.

Nyumbani

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Bahari ilikuwa shwari kabisa, ikawa kama dhihaka. Nilipanda na kanga mbili, moja mwilini, moja kwenye nailoni, na sikuihitaji ya pili. Kuanzia Kitonga nilianza kurudisha nguo, shati, sweta, mtandio, na koti lililokauka likawa gumu kwa chumvi. Hakuna aliyeniuliza bei.

Kama kuna atakayeniuliza avae nini kwenda baharini, nimeshajibu. Aende na ya Bi Salma. Na kama ana mgonjwa, amuulize mama wa mgonjwa, amuulize mara mbili, halafu amwambie, "Usinionee haya." Nililipa ghali kwa maneno hayo mawili.

Mama alikuwa amekaa kizingitini. Alisikia hatua zangu, akageuza uso, si kwangu hasa, pembeni yangu kidogo. Akangoja hatua nyingine zifuate. Alingoja mpaka nikaona aibu ya kusimama.

"Shule imemkatalia ruhusa, mama."

"Wote?"

"Wote."

 Mama akanyoosha mikono, nikampa mkoba, akapekua mpaka akalipata sweta. Mwajuma alinirudishia akisema ni bora likae kwa bibi, kwa kuwa akiliona mtoto atataka kulivaa. Mama alilinusa.

"Lina chumvi. Alilivaa?"

"Alilivaa."

"Lilimtosha?"

Haya, Mama Neema, jibu lako hili hapa. "Lilimtosha, mama," nikasema. "Kila mahali." Na katika yote niliyomwambia siku ile, hilo la sweta peke yake lilikuwa kweli.

Alifurahi. Alipima mikono ya sweta kwa shibiri, akasema mtoto huyu anakua, mwakani hili litakuwa fupi, nikamnunulie uzi aanze kubwa mapema. Hajui kuhusu damu ya Matema, wala mashua, na hatajua. Nimeweza kuwaandikia haya yote kwa sababu hawezi tena kuyasoma. Naomba asitokee kati yenu wa kumsomea.

Ndiyo maana mliniona kwenye duka la uzi wiki ile. Nyekundu ilikuwa imeisha. Nikampelekea kijani, nikajiandaa kumweleza kwamba ni kwa muda tu, mpaka mzigo mwingine uje. Aliupokea, akausogeza karibu na jicho, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Nyekundu nzuri hii," akasema. "Imekoza kuliko ile ya kwanza."

Na akaanza kufuma.